Kidonge Kisicho na Herufi

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Kokuhirwa katika chumba namba tatu cha kliniki, mimba ya miezi saba ikimlemea, na chupa yake ya dawa ikiwa imemwagwa yote juu ya sinia ya bati. Sista Adelgunda alikuwa ametamka maneno manne tu.

"Hizi si dawa zetu."

Kokuhirwa aliyasikia lakini hayakumwingia. Alitazama sinia, akamtazama sista, akarudi tena kwenye sinia.

"Ndizo zilizotoka hapa," alisema.

Sista alifungua kabati, akatoa chupa mpya, akakata utepe wake na kuweka kidonge kimoja kando ya vile vya Kokuhirwa. Hapo hata mtu asiyejua kusoma angeona. Kidonge cha kabatini kilikuwa laini, kimechongwa herufi ndogo ubavuni. Vya Kokuhirwa vilikuwa vyeupe vilevile, virefu vilevile, lakini ukivigusa viliacha vumbi kidoleni kama chaki. Herufi hazikuwepo.

Sista alikivunja kimoja, akakinusa, akasema ni kalsiamu. Vidonge vya mifupa, vinavyouzwa kila duka la dawa kuanzia Omurushaka mpaka mpakani.

Wiki iliyopita sista huyuhuyu alikuwa amemsomea majibu yake ya wingi wa virusi: elfu ishirini na nane. Kwa miaka minane mfululizo majibu hayo yalikuwa yakisema virusi havionekani. Sista alimuuliza kwa ukali kama anaruka dawa, au anampa mtu. Kokuhirwa alilia, akaapa kwamba hajaruka hata siku moja. Ndipo sista akafikiria labda ni vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito, maana vikimezwa pamoja na dawa hii bila chakula huizuia isifanye kazi vizuri. Akamwambia alete kila kidonge kilichoko nyumbani kwake. Akavileta. Na sasa ukweli ulikuwa juu ya sinia.

"Nisamehe," Sista Adelgunda alisema. "Ulikuwa unameza kila siku. Ulikuwa unameza chaki."

Kokuhirwa alijaribu kukumbuka. Chupa hii aliianza mwezi wa nne. Iliyotangulia aliianza Januari, na ile nayo, sasa alikumbuka, ilikuwa na vumbi jeupe chini. Miezi sita. Mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa karibu na umri uleule.

"Nani huwa anakuchukulia dawa?"

Hilo swali sista aliliuliza kwa sauti ya chini, akijishughulisha na kukusanya vidonge kwenye bahasha. Alilijua jibu lake. Kliniki nzima ililijua.

"Mume wangu," Kokuhirwa akasema.

Msomaji ambaye ndiyo kwanza unalifungua gazeti hili, itabidi umjue huyo mume, Jovin, ni nani.

Miaka tisa iliyopita, Kokuhirwa alipokuwa na mimba ya kwanza, alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Jovin alipimwa siku hiyohiyo, akakutwa hana. Pale Chonyonyo, kijijini kwao Jovin, watu walisubiri kuona mkeka wa Kokuhirwa ukirudishwa kwao Nyaishozi. Haukurudishwa. Jovin alimfuata mama yake mzazi jikoni, akamwomba chai, akainywa nusu na nusu akampa mkewe kwenye kikombe kilekile, mama akitazama. Habari hiyo ilitembea kata nzima.

Mtoto akazaliwa salama. Wakamwita Vero. Jovin akawa anaongozana na mkewe kliniki, akipimwa kila baada ya miezi sita, na kila mara anatoka bila virusi. Zile dawa za mwanzo zilimpa Kokuhirwa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Alikuwa akiamka analia kwamba nyoka wamejaa kwenye migomba. Kisha zikaja hizi mpya, zenye dolutegravir ndani yake. Kidonge kimoja kwa siku. Sista Adelgunda aliwaeleza kwamba kirusi hutaka kujipandikiza ndani ya chembe ya damu kama chipukizi linavyoshika ardhi, na dawa hii inakinyima hiyo ardhi. Ndoto zikakoma. Mwili ukarudi. Majirani wakaanza kumuuliza anakula nini.

Na pale sista alipowafundisha kwamba virusi visipoonekana kwenye damu haviwezi kumwambukiza mwenza, Jovin alilichukua somo hilo akalifanya kazi yake. Usharika ukamweka kwenye kundi la kutoa ushuhuda. Wakawa wanampeleka Nkwenda, wanampeleka Kaisho, kila kona ya wilaya ya Kyerwa, asimame mbele za watu aseme: mke wangu anakunywa dawa, na mimi hapa ni mzima. Mwanzoni walikwenda wote wawili. Baadaye Kokuhirwa akabaki na kahawa na mtoto, Jovin akawa anakwenda na kundi.

Mtu wa namna hiyo akija dirishani kumchukulia dawa mkewe mjamzito anayetapika, nani atamkatalia? Kanuni ilitaka mjamzito aje mwenyewe. Jina la Jovin lilifungua dirisha.

Alipoleta chupa ya Januari, utepe ulikuwa umekatwa. Alisema wameikata wahesabu. Kokuhirwa alipouliza kuhusu lile vumbi, alimjibu kwamba serikali imebadilisha kiwanda. Kwani dawa zao zilishabadilishwa mara ngapi? Akaamini. Miaka tisa ya kuaminiwa ilimfundisha kuamini.

"Huenda ni mtu wa stoo," alisema sasa, na mwenyewe alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa inaomba.

"Dirishani inatoka chupa iliyofungwa," Sista Adelgunda akasema. "Na chupa yako ndiyo yetu. Vilivyobadilishwa ni vya ndani."

Alimpa chupa mpya mkononi. Alimmiminia maji kwenye kikombe, akasimama mbele yake mpaka kidonge kilipopita kooni. Kisha akamwambia mambo aliyohitaji kuyasikia: kwamba dawa hii hushusha virusi haraka, kwamba kabla ya kujifungua zilibaki wiki nane au tisa, kwamba mtoto akizaliwa atapewa dawa ya kinga tangu siku ya kwanza, na kwamba damu yake itachukuliwa tena mwezi ujao.

"Hatujachelewa. Lakini hii chupa usiiweke mahali ilipokaa ile."

Kokuhirwa aliomba ile bahasha ya kalsiamu. Sista alisita, kisha akampa vidonge vichache, vingine akabaki navyo.

Bodaboda ilimshusha barabarani, akapanda kijinjia chake polepole, mkono mmoja kiunoni. Ilikuwa saa sita mchana. Jovin alikuwa uani, ameanika kahawa kwenye turubai, anaigeuza kwa reki. Alimpokea kwa uchangamfu, akauliza safari, akauliza sista amesemaje kuhusu zile elfu ishirini na nane.

Kokuhirwa aliifungua bahasha, akavimwaga vile vidonge juu ya kahawa. Vilionekana vizuri sana, vyeupe juu ya buni nyeusi.

"Nioneshe vyangu viko wapi," alisema.

Jovin aliegemea reki. Alianza kwa kushangaa. Akasema watu wa kliniki wamekuwa wezi, akasema atakwenda mwenyewe kwa mganga mkuu, akataja magazeti. Alizungumza vizuri, kama alivyozoea kuzungumza mbele za watu, na Kokuhirwa akamwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kuku walikuja kudonoa kalsiamu, wakaiacha.

"Baba Vero. Viko wapi?"

Jovin aliweka reki chini. Aliingia kwenye banda la kahawa, akakaa humo muda, na Kokuhirwa akasikia gunia likiburutwa. Alipotoka alikuwa ameshika mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na chupa ya plastiki ya mafuta ya kujipaka, na ndani ya chupa hiyo kulikuwa na vidonge laini vyenye herufi.

"Nina virusi, Mama Vero," alisema.

Sasa sikiliza moyo wa mwanamke ulivyo. Kokuhirwa alikuja akiwa na hasira ya kubomoa nyumba, na neno hilo moja likaiondoa yote. Akakaa kwenye kigogo. Jambo aliloliogopa kwa miaka tisa, kila mara Jovin alipokohoa, kila mara alipopungua uzito wakati wa palizi, ndilo hili limekuja. Alijiona yeye ndiye muuaji. Alisema nimekuua, akalirudia mara tatu, kwa Kinyambo, lugha aliyoitumia tu mambo yakiwa mazito.

Jovin akaja akakaa kando yake. Akamwekea mkono begani. Akamwambia asilie, ni mapenzi ya Mungu, hamlaumu.

Hamlaumu. Alisema hivyo.

Kokuhirwa alimshika mkono huo akaubusu. Alimuuliza amejua lini. Jovin akasema ni Desemba, alijipima mwenyewe kwa kile kipimo cha mate, akiwa nyumba ya wageni kule Nkwenda. Akaona mistari miwili. Alipima tena kesho yake, ikawa vilevile.

Kokuhirwa alikuwa bado ameushika ule mkono. Kisha akauachia.

"Desemba," alisema.

Novemba yeye alikuwa amechukuliwa damu. Majibu yalikuja kabla ya Krismasi: virusi havionekani. Waliyasoma pamoja, wakafurahi pamoja, maana ndiyo siku waliyojua pia kwamba ana mimba. Miaka minane nyuma ya hapo, karatasi baada ya karatasi, zote zilisema hivyohivyo. Dawa zake zilianza kuibwa Januari. Kabla ya Januari damu yake haikuwa na cha kumwambukiza mtu yeyote.

"Havikutoka kwangu," alisema.

Jovin aliangalia kahawa.

"Umeniacha nilie. Umeniwekea mkono begani na unajua havikutoka kwangu."

Ndipo alipoanza kusema ukweli, vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Ni kweli, alitoka nje ya ndoa. Ilianzia kwenye zile safari za ushuhuda. Alipojua ameambukizwa hakuweza kwenda kliniki yoyote ya Karagwe wala Kyerwa, kwa sababu hakuna kliniki ambako hajawahi kusimama akahubiri. Kila mtu aliyemsikia alifundishwa na yeye mwenyewe kwamba mke anayetumia hizi dawa vizuri hamwambukizi mumewe. Angeonekana na karatasi ya kliniki mkononi, hata mtoto wa darasa la tano angejua ametoka nje.

"Dawa yako ndiyo ingenishtaki," alisema.

Kwa hiyo aliiiba. Alinunua kalsiamu, akabadilisha. Alijiambia kwamba mkewe amezimeza miaka mingi, mwili wake umezoea, miezi michache haitamfanya kitu. Alijiambia atatafuta njia. Njia haikupatikana, mwezi wa nne ukafika, akafanya tena.

"Na mtoto?" Kokuhirwa aliuliza.

Jovin alikuwa amewazia kila swali isipokuwa hilo.

Alimuuliza huyo mwanamke ni nani. Jovin akakataa. Alimuuliza mara ya pili, akakataa, akasema jina hilo likitoka litaangusha nyumba nyingine ambayo haina kosa. Kokuhirwa akashangaa kwamba mtu anaweza kuitunza nyumba ya wengine namna ile.

Kisha Jovin akaomba jambo lake. Alishuka kwenye kigogo akapiga magoti palepale uani, akamwomba wakiulizwa aseme kwamba mimba ilimtapisha, akaziacha dawa kuanzia mwaka jana bila kumwambia mtu. Kwamba ndipo virusi vikapanda, ndipo naye akaambukizwa.

"Wewe wanajua unavyo," alisema. "Kwako haiongezi kitu. Mimi itanimaliza."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Nadhani huo upole ndio uliomuumiza Kokuhirwa kupita yote. Miaka tisa alidhani wanaubeba mzigo mmoja. Kumbe mumewe alikuwa ameuweka wote kwenye kichwa chake yeye, na sasa anaona kuna nafasi ya kuongeza.

Alimjibu kwamba hatasema uongo juu ya damu yake. Akampa mpaka Jumapili. Kama ni ushuhuda, basi asimame atoe na huu. Asipousema Jumapili, yeye ataenda kwa mchungaji Jumatatu na karatasi zake zote.

Jovin alikubali. Alilia, akasema atasema mwenyewe, akasema afadhali apumzike. Aliomba siku hizo nne ajitayarishe.

Na Kokuhirwa, baada ya yote hayo, alimwamini tena.

Alihamia chumba cha Vero. Chupa yake mpya aliishona kwenye mfuko ndani ya gauni. Jumatano alikwenda kuchuma maharage, akapika, akamtengea mumewe chakula bila kuzungumza naye. Alimwona akienda barabarani kupiga simu. Alidhani anamtafuta mchungaji.

Alhamisi mchana alikwenda chama cha msingi kuuliza siku ya kupokea kahawa. Aliporudi, saa tisa hivi, alikuta pikipiki tatu kwenye migomba ya mbele ya nyumba. Uani, kwenye viti vya plastiki na mikeka, walikaa watu kama kumi na wawili. Kahawa ilikuwa imesukumwa pembeni wapate nafasi.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba yake mzazi, Mzee Rwegoshora, ambaye kwa ajili ya goti lake bovu alikuwa hajatoka Nyaishozi tangu Pasaka.

Kokuhirwa alimpigia magoti, mimba ikamtaabisha kushuka.

"Shikamoo, Tata."

Mzee alimtazama tumboni, kisha usoni.

"Marahaba. Kaa, mwanangu," alisema. "Mumeo ametueleza ulichomfanyia."

Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Protase, mzee wa kanisa, mtu wa miaka sitini na kitu, aliyefiwa na mke akaoa tena, ambaye neno lake Chonyonyo lilitosha kufunga ndoa na kuvunja ugomvi wa mipaka. Mkewe wa sasa, Evangelina, alikuwa bado hajafika arobaini. Ndiye mwenyekiti wa umoja wa wanawake, na siku hiyo alikuwa anazunguka na chupa ya chai, akimimina bila kumtazama mtu.

Mzee Protase alizungumza taratibu, kwa heshima. Alisema Jovin amekuja kwao akilia. Amewaambia kwamba mkewe aliacha dawa kwa siri tangu mwaka jana, kwamba virusi vimepanda mpaka elfu ishirini na nane, na hilo kliniki wanalo kwa maandishi. Kwamba naye amejipima wiki hii akajikuta ameambukizwa. Watu wengi wangemfukuza mke wa namna hiyo. Jovin hataki. Amewaita wawe mashahidi tu.

Jovin alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Alisimama.

"Nimemsamehe," alisema.

Mikeka ikanung'unika kwa huruma. Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Shangazi yake Jovin alimwambia Kokuhirwa ashukuru, wanaume wa hivi hawazaliwi tena.

Kokuhirwa alimtafuta mumewe machoni. Alitaka amwone tu, mara moja, aone kama mle ndani kuna mtu yeyote anayemfahamu. Jovin alikuwa anatazama juu ya vichwa vya watu, kwa uso uleule wa Nkwenda na Kaisho.

Basi akaanza kusema. Hakulia. Alieleza kuhusu kalsiamu, kuhusu chupa iliyokatwa utepe, kuhusu banda la kahawa. Alitaja Novemba, alitaja Desemba. Aliingia ndani akaleta karatasi zake za miaka minane, akamkabidhi baba yake. Mzee Rwegoshora alizishika karibu na macho, moja baada ya nyingine, midomo ikisoma.

Mzee Protase naye akaomba kuziona. Alisema hana shaka na karatasi. Lakini karatasi zinasema habari za damu ya Kokuhirwa mpaka Novemba, hazisemi alifanya nini Desemba. Kuhusu banda la kahawa, hilo ni neno la mke dhidi ya mume. Wameshapita humo kabla Kokuhirwa hajarudi, kwa kuwa Jovin mwenyewe aliwaomba wapite. Kuna magunia tu. Na kalsiamu, nani hawezi kununua kalsiamu? Hata mtu aliyeacha dawa anaweza kuinunua, ajaze chupa, adanganye wauguzi.

Hapo ndipo Kokuhirwa alipoelewa zile siku nne zilikuwa za nini.

"Mwanangu," Mzee Protase alisema, "alipokiri hayo unayosema, alikuwepo nani?"

"Mimi na yeye."

"Na huyo mwanamke unayesema yupo, unamjua?"

"Simjui."

"Basi huna shahidi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga daftari. Baba yake Kokuhirwa alikuwa amezikunja zile karatasi juu ya goti lake bovu, anazilainisha kwa kiganja, na Kokuhirwa akaona kwamba mzee anamwamini na kwamba haitasaidia kitu. Mtoto akageuka tumboni. Shangazi alikuwa ameshaanza kusema waombe, watu waondoke, jua linapungua.

Ndipo chupa ya chai ikawekwa chini, kwenye saruji, kwa mlio uliowafanya watu wageuke.

"Shahidi anaye," Evangelina alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe. Mikono yake aliifunga kwenye kanga.

Jovin alisema neno moja tu, hapana, kwa sauti ambayo Kokuhirwa hakuwahi kuisikia kwake. Mzee Protase aligeuka nusu, akadhani mkewe ana la kusema kuhusu maombi.

"Shahidi ni mimi," Evangelina akasema. Sasa alikuwa anamtazama Kokuhirwa peke yake. "Vile vidonge tuligawana. Siku moja anameza Jovin, siku moja nameza mimi. Nilijua vimetoka kwako. Aliniambia umepewa vingi. Leo ndiyo nimesikia ulikuwa unawekewa nini, hali una mtoto tumboni."

Mkononi mwa shangazi kikombe kilikuwa kimeinama na chai ilikuwa inamwagikia mkekani. Kokuhirwa alijaribu kumchukia yule mwanamke na akashindwa kupata pa kuanzia. Miaka tisa iliyopita, mtu wa kwanza nje ya ukoo kumshika mkono kanisani alikuwa ni yeye.

Mzee Protase aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti ilikuwa bado ya mzee wa kanisa.

"Evangelina. Kaa chini."

"Nitakaa, mume wangu," alimjibu, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kubadilisha sauti yake. "Nitakaa ukishawaambia hawa watu mke wako wa kwanza alikufa kwa ugonjwa gani. Mimi ulinificha."

Watu kumi na wawili wakamgeukia yule mzee, wakasubiri akane.

Aliyekaa chini alikuwa Mzee Protase.